Siku Kwanza au Mwezi Kwanza

Ilikuwepo nchi moja, na kwa habari zilizopo haijahama, ambayo jina lake tuliache kwa kuwa wenyewe hawapendi litajwe bila kibali. Tuiite Nchi Ile. Wananchi wake walikuwa wapole, picha za Mtukufu Kiongozi zilikuwa nyingi barabarani kuliko taa, na serikali yake ilikuwa na wizara kwa kila jambo, ikiwemo Wizara ya Tarehe na Mambo Yanayoambatana. Humo alifanya kazi Semeni Mwinyikondo, karani mwandamizi, mwanamke wa makamo aliyeipenda kazi yake na kukipenda zaidi kitambulisho chake, ambacho alikivaa shingoni hata akienda kununua dagaa.

Semeni alikuwa na kaka mmoja tu duniani, Maneno, fundi baiskeli aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki na kumsomesha kwa mikono iliyojaa grisi. Maneno alikuwa mfungwa katika Gereza la Subira. Kosa lake halikuwa na ubishi. Mtukufu Kiongozi alipohutubia mtaani kwao na kuahidi kwamba maji ya bomba yatafika, Maneno alinyoosha mkono akauliza, "Lini?" Hakimu alisema neno hilo moja lina uchochezi wa kutosha kujaza kitabu, akampa miaka. Sasa miaka ilikuwa inaelekea ukingoni. Angetoka tarehe ishirini na tano mwezi wa sita, na Semeni alikuwa ameshaanza kupaka chokaa chumba cha uani.

Hapo ndipo Mtambo ulipoletwa.

Mtambo ulikuwa kompyuta kubwa yenye programu ya kuhifadhi mambo yote ya nchi mahali pamoja: vizazi, ndoa, mashamba, mitihani, vifungo na vifo. Ulitoka ng'ambo pamoja na mtaalamu wake, bwana mmoja mwembamba aliyevaa viatu vya kukimbilia. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Makarani walikuwa wameshayachapa majalada ya zamani kwenye kompyuta ndogo za wizara. Faili hizo zilitakiwa tu kuingizwa ndani ya Mtambo. Lakini faili ya kwanza ilipowekwa, kidirisha kidogo kilifunguka katikati ya kioo na kuuliza: "Katika tarehe hizi, kipi kinaanza: siku au mwezi?"

Haikupata kutokea katika Nchi Ile chombo cha serikali kumwuliza waziri swali. Mheshimiwa Makeke, Waziri wa Tarehe, alikitazama kidirisha kile kama anayetazama mgeni aliyekaa kwenye kiti chake. Kisha akaunda kamati.

"Bi Semeni," alisema kamati ilipokwisha kunywa chai, "makarani wetu huandikaje?"

"Siku kwanza, Mheshimiwa. Tarehe, halafu mwezi, halafu mwaka. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni."

"Shuleni mlifundishwa pia kwamba viazi vinaota kwenye mti?" Wajumbe walicheka mpaka wakafutana machozi, maana Mheshimiwa alikuwa amefanya mzaha. "Ndugu wajumbe, nawauliza. Msafara ukipita barabarani, nani hutangulia? Mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa!"

"Mwezi ni mkubwa. Mwezi una siku thelathini zinazoutegemea, zinakula kwake, zinalala kwake. Leo kasiku kamoja, tena kenyewe tarehe mbili, kapite mbele ya mwezi mzima?"

"Aibu!" wajumbe walisema.

Mjumbe mmoja, ambaye siku zote alikuwa na tabia ya kufikiri, aliinua mkono. "Mheshimiwa, na mwaka je? Mwaka ndio mkubwa kupita wote. Nao uko mwisho."

Mheshimiwa Makeke alitabasamu. "Mwaka ni mgeni rasmi. Mgeni rasmi huingia lini?"

"Mwisho!"

"Wote tukiwa?"

"Tumesimama!"

Na wote wakasimama. Mtaalamu wa ng'ambo tu ndiye aliyebaki ameketi, akijikuna shingo. "Samahani, Mheshimiwa," alisema. "Mtambo hauulizi mnapenda nini. Unauliza tarehe zilizomo kwenye faili zimeandikwaje."

"Katika nchi hii," alisema Mheshimiwa, "hakuna tofauti."

Mtaalamu alivishwa joho, akapewa mkungu wa ndizi na kupelekwa uwanja wa ndege. Mjumbe mwenye tabia ya kufikiri naye hakuonekana tena kwenye vikao, na jina lake likafutwa mlangoni kwa rangi ileile ya ukuta.

*

Siku ya kuingiza faili ilipigwa ngoma, ukajengwa ukumbi wa maturubai, na Semeni akapewa heshima ya kubonyeza kitufe. Alisuka nywele kwa ajili hiyo. Alipoketi mbele ya kioo na kuchagua "mwezi kwanza" kama alivyoagizwa, Mtambo ulimwonyesha mfano wa jinsi tarehe zitakavyosomeka. Nyingi zilikuwa nyeusi. Lakini katikati yake mistari myekundu ilikuwa tele, na chini yake maneno: "Tarehe hizi hazikueleweka. Zitaachwa wazi. Endelea?"

Semeni alielewa palepale. Aliyeandikwa tarehe tatu mwezi wa saba Mtambo ungemsoma mwezi wa tatu tarehe saba, ukaendelea na safari zake bila wasiwasi. Lakini aliyeandikwa tarehe kumi na tatu au ishirini na tano, Mtambo ungeutafuta mwezi wa kumi na tatu na mwezi wa ishirini na tano, usiione, na kumwacha hana kitu. Alimwinamia Mheshimiwa Makeke, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake akipungia wapiga picha.

"Mheshimiwa, kuna nyekundu nyingi."

"Nyekundu imo kwenye bendera yetu," Mheshimiwa alinong'ona bila kuacha kutabasamu. "Bonyeza."

Angeweza kusimama. Angeweza hata kujifanya amezimia, jambo ambalo wanawake wa wizara ile walikuwa na uzoefu nalo. Lakini ngoma zilikuwa zinalia, kamera zilikuwa zinamwangalia, na kitambulisho kilikuwa kifuani pake kinang'aa. Semeni alibonyeza. Vigelegele vikapigwa, na nje ya ukumbi majalada ya zamani yakatiwa moto pamoja na kompyuta ndogo zilizoyanakili, kwa kuwa Mheshimiwa alisema nchi haiwezi kuwa na kumbukumbu mbili. Moshi ule ulikaa juu ya mji mpaka jioni, na watu waliufurahia kwa sababu ulifukuza mbu.

*

Mambo yalianza polepole. Sikukuu ya Uhuru, ambayo tangu uhuru wenyewe ilikuwa tarehe tano mwezi wa kumi, iligundulika kuwa ni tarehe kumi mwezi wa tano, yaani keshokutwa. Askari walicheza gwaride suruali zikiwa hazijapigwa pasi. Mtukufu Kiongozi, ambaye alizaliwa tarehe tisa mwezi wa pili, alionekana kuwa amezaliwa tarehe mbili mwezi wa tisa, hivyo akawa kijana zaidi kwa miezi kadhaa, na gazeti la serikali likachapa picha yake akiruka kamba.

Waliokuwa na tarehe zilizogeuka walizizoea. Binadamu huzoea. Tabu ilikuwa kwa wale walioachwa wazi, ambao sasa waliitwa Wasio na Tarehe. Bibi harusi mmoja alirudishwa na shela lake kwa sababu hajazaliwa. Marehemu mmoja, aliyefariki tarehe kumi na tisa, alikosa tarehe ya kufa, akapelekewa onyo kwa kutohudhuria mkutano wa mtaa. Mjane wake alipolisoma onyo lile alilia upya. Baadaye yakaanza kupita malori ya kijani. Yaliwachukua Wasio na Tarehe kwenda Mahali pa Kusubiri. Redio ilieleza kwamba mahali hapo pana kivuli na maji, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kurudi kulalamika.

Semeni alikuwa anajua lililokuwa linamngoja, lakini alikataa kulitazama. Kila asubuhi alipaka chokaa, kila jioni alihesabu vidole. Tarehe ishirini na tano mwezi wa sita ilipofika, alifunga shati jipya na suruali ya kaka yake kwenye kitenge, akaenda Gereza la Subira.

Waliongea kupitia wavu. Maneno alikuwa amekonda, mvi zimemwingia kidevuni, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya mtu anayesikiliza mnyororo wa baiskeli ili ajue unaumwa wapi.

"Semeni, wameniambia sina tarehe."

"Wamekosea, kaka."

"Afande amenionyesha kioo. Jina langu lipo, kosa langu lipo, hata picha yangu ya kuchukiza ipo. Penye siku ya kutoka pametupu." Akasogeza uso karibu na wavu. "Wewe si ndiye unayefanya kazi huko? Nani kafanya hivi?"

Semeni alitaka kusema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Nitalishughulikia," alisema.

"Fanya haraka, mdogo wangu. Wanasema lori linakuja hata huku."

Alirudi nyumbani na lile shati. Njia nzima alikuwa anajichukia.

*

"Tatizo lako nimelielewa," alisema Mheshimiwa Makeke alipomkaribisha ofisini, akimenya chungwa. "Unataka nikarabati kosa. Lakini ukarabati unahitaji kosa liwepo. Kosa liko wapi?"

"Mheshimiwa, ishirini na tano ilikuwa siku. Mtambo umeisoma mwezi."

"Kwa hiyo Mtambo umekosea?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Mimi nimekosea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hata kidogo."

"Basi kaka yako ndiye aliyekosea, kufungwa kwa tarehe isiyokuwepo." Alikula kipande cha chungwa kwa huruma. "Lakini serikali ni mzazi. Ipo hisani. Mtu asiye na tarehe anaweza kupewa tarehe. Tarehe ya hisani huwa mosi tu, kama ya mishahara, na wewe umebahatika, Julai inaanza wiki ijayo. Utaiandika mwenyewe kwa mkono wako. Ila kwanza utasema maneno mawili redioni."

Maneno yenyewe yalikuwa zaidi ya mawili, na yalikuwa yameshaandikwa. Semeni aliyasoma kwa sauti yake, nchi nzima ikisikiliza: kwamba yeye ni dada wa mfungwa, kwamba kaka yake tangu mwanzo hakuwahi kuwa na tarehe ya kutoka, kwamba wanaosema tarehe zimepotea ni wazushi, na kwamba anaishukuru serikali. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Mwenye genge alikokuwa ananunua dagaa alimpimia bila kumtazama.

Lakini tarehe aliipata. Aliketi mbele ya Mtambo, akaifungua nafasi iliyokuwa wazi mbele ya jina la Maneno, akaandika kwa utii wote: mwezi kwanza, saba, kisha siku, moja. Mtambo ukaitafsiri kwa maandishi, "Tarehe mosi Julai, mwaka huu." Aliyasoma tena na tena. Kisha akaweka kiganja juu ya kioo kama mtu anayepapasa paji la mtoto, kuona kama homa imeshuka.

*

Kumbe Mtukufu Kiongozi alikuwa na mdogo wake, wa mama mwingine lakini wa mwaka uleule, naye ndiye aliyekuwa Mkuu wa Majeshi. Tarehe zilipogeuka na Mtukufu akawa kijana zaidi, mdogo yule akawa amezaliwa kabla yake. Mwanzoni ilikuwa kichekesho cha familia. Halafu mdogo akaanza kuamkiwa na watu shikamoo kabla ya Mtukufu. Halafu kwenye msiba mmoja akakaa kiti cha mbele, akamwambia Mtukufu, "Mdogo wangu, nipishe kidogo miguu." Kesho yake asubuhi Mheshimiwa Makeke alisikia redioni kwamba amepumzishwa, na mchana nyumba yake ikawa na ukimya wa nyumba iliyohamwa.

Waziri mpya aliitwa Mheshimiwa Bashasha. Alihutubia kiwanjani, mikono ya shati imekunjwa, na Semeni alimsikia kwa redio ya jirani akiwa uani anatundika pazia la chumba cha kaka yake. Ilikuwa jana yake ya tarehe mosi.

"Mwezi ni nani?" Mheshimiwa Bashasha aliuliza. "Mwezi ni bwana mkubwa! Na siku ni nani? Siku ni wewe mama lishe! Siku ni wewe mkulima! Wamewaweka nyuma ya mabwana wakubwa, wamewabana katikati! Mimi nasema basi! Asubuhi hii nimeagiza tarehe zote zitolewe ndani ya Mtambo kama zilivyo, ziingizwe upya, na safari hii zisomwe siku kwanza. Wananchi kwanza, siku kwanza!"

Kiwanja kililipuka kwa shangwe. Na si kiwanja tu. Mtaa mzima ulitoka nje, watu wakakumbatiana, maana tarehe zao zilikuwa zimerudi kama walivyozaliwa nazo. Waliokuwa wamezaliwa tarehe tatu mwezi wa saba walizaliwa tena tarehe tatu mwezi wa saba. Sikukuu ya Uhuru ilirudi mwezi wa kumi. Wasio na Tarehe walibaki hawana, kwa kuwa palipo wazi hapasomeki kwa upande wowote, lakini wengi wao hawakuwepo tena mtaani kuharibu sherehe. Semeni naye alipiga kigelegele. Hatimaye! Kama walivyofundishwa shuleni, kama Maneno alivyomwonyesha kwa kalamu ya risasi kwenye daftari lake la kwanza. Alipiga cha pili, akanyanyua mkono kufunga ncha ya pazia.

Mkono uliishia hewani.

Saba, moja. Alikuwa ameandika saba, kisha moja. Siku kwanza. Tarehe saba, mwezi wa kwanza.

Aliketi kwenye kitanda kipya. Wote waliokuwa na tarehe zilizopinda walikuwa wamenyooshwa. Waliokuwa wamepinda sasa ni wale tu waliokwenda kuomba hisani, wakaandika kama serikali ilivyotaka. Alikimbia mpaka wizarani na kanga moja kiunoni. Mlango ulikuwa na kufuli, na kwenye kufuli limebandikwa tangazo kwamba wizara imefungwa kwa siku tatu ili watumishi washiriki furaha ya wananchi.

*

Asubuhi ya tarehe mosi alikuwa mtu wa kwanza kufika Gereza la Subira, lakini foleni haikuchelewa kujaa nyuma yake. Walikuwepo akina mama wenye vikapu, wazee wenye kofia mikononi, kila mmoja na mtu wake ndani. Kwenye kidirisha aliketi afande mmoja mpole, ameweka kioo na kibodi mbele yake.

"Karibu, dada. Jina la mfungwa?"

"Maneno Mwinyikondo. Anatoka leo."

Afande alichapa herufi moja moja. Uso ukamchanua. "Hongera sana! Huyu alishatoka. Tarehe saba Januari."

"Hajatoka, afande. Wiki iliyopita nimeongea naye hapo kwenye wavu."

"Haiwezekani, dada. Katoka Januari, sisi wenyewe tumeandika. Wiki iliyopita uliongea na nani?"

"Niliongea na kaka yangu! Kama ametoka yuko wapi?"

"Nje." Alionyesha kwa kidole nyuma ya Semeni, kwenye barabara, miti na mawingu. "Sisi tunahusika na walio ndani."

"Nipeleke basi nikaangalie selini kwake. Nitazame tu, kisha niondoke."

"Seli yake imefungwa. Haina mtu, dada, na seli isiyo na mtu haifunguliwi, tutakuwa tunafungua kwa ajili ya nani? Jikoni nao wameshaelekezwa wapunguze sahani. Maji pia. Serikali haiwezi kulisha hewa." Alisema hayo kwa upole wa kweli, kama anayempa maelekezo ya njia. "Nenda nyumbani. Ndugu akitoka gerezani huwa anazunguka kidogo, halafu hurudi."

Wakati huo sauti ilisikika kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa imekauka, imepasuka katikati, lakini angeijua popote. Ndiyo iliyokuwa ikimwita kutoka uchochoroni enzi za utoto, chakula kikiiva.

"Semeni!"

Foleni nzima iliinamisha vichwa. Akina mama walitazama vikapu vyao, wazee wakatazama kofia zao, kana kwamba wao ndio wanaoambiwa.

"Semeni! Semeni!"

Afande naye alisikia. Macho yake yalikwenda ukutani, yakarudi kwenye kioo, yakatulia hapo. "Humu hamna mtu," alisema taratibu, kwa Semeni na kwa foleni yote. "Tumeelewana?"

Semeni alishika ukingo wa kidirisha kwa mikono miwili. Aliogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

"Abee!" aliitikia kwa sauti yake yote. "Abee, kaka! Nipo!"

Nyuma ya ukuta chuma kikaanza kugongwa kwa chuma, haraka haraka. Foleni ilijisogeza nyuma, ikamwacha Semeni peke yake. Afande aliacha kutabasamu. Aliivuta kibodi karibu na tumbo lake, akaweka vidole juu yake.

"Dada," alisema, "wewe umezaliwa tarehe ngapi?"